Matope ya Jumamosi

Nikisikia mtu anaisifu Kalemie ya wakati wa Zaire, kwamba mji ulikuwa safi na barabara zilifagiwa, kwanza huwa nanyamaza. Halafu nashindwa. Ni kweli zilifagiwa. Mimi ni mmoja wa waliozifagia, na mgongo wangu haujasahau. Lakini kufagia barabara si kuitunza, na mji wetu haukujua tofauti hiyo, au uliijua ukaona uvivu kuifuata.

Barabara yetu ilianzia juu kilimani, kwenye nyumba za matofali ya kuchoma walizoziacha Wabelgiji, ikashuka moja kwa moja kuelekea ziwani, na karibu na chini ikapinda. Nyumba yetu ilikuwa pale kwenye kona. Baba aliijenga alipotoka kaskazini ya ziwa, kwao kwa Wabembe, akaja kuvua samaki huku na kumwoa mama, ambaye ni Muholoholo wa hapahapa. Alijenga vyumba viwili kwanza, kwa matofali ya udongo mtupu, na baadaye akaongeza cha tatu upande wa barabara. Hicho kilikuwa chumba cha mama. Mama alikipaka chokaa iliyochanganywa na bulu ya kufulia nguo, kikatoa rangi ya samawati hafifu ambayo mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo. Kila mwaka kabla ya Noeli alikipaka upya, yeye mwenyewe, na hakutaka msaada. Baba alipokufa, chumba kile ndicho kitu pekee kilichobaki kuwa chake kabisa, maana vile viwili vingine tulivijaza mimi, wanangu na mashine yangu ya kushona. Mume wangu alikuwa amekwenda Manono kutafuta madini, akaota mizizi hukohuko.

Upande wetu wa barabara ulikuwa na mfereji wa zege uliofunikwa kwa vipande vya zege. Sisi tuliuita kanivo. Ulishuka na barabara mpaka karibu na kona yetu, na hapo maji yaliingia kwenye bomba kubwa lililopita chini ya barabara, yakatokea ng'ambo na kwenda zao ziwani. Kwa hiyo usalama wa chumba cha mama ulikuwa kwenye mdomo wa lile bomba. Likiwa wazi, maji yalivuka. Likiziba, maji yalibaki na njia moja tu, nayo ilipita kitandani kwa mama.

Nieleze na majira yetu, maana bila majira hadithi hii haieleweki. Wakati wa kiangazi barabara ilikuwa vumbi. Upepo wa ziwa ulipandisha mchanga kutoka chini, malori ya kutoka mji wa Bendera yaliteremsha vumbi kutoka juu, na vyote viwili vilikutana kwenye ndagala walioanikwa mbele ya nyumba. Tulikula samaki wenye mchanga na tukazoea kutafuna taratibu. Lami ya zamani ilikuwa imebaki vipande katikati ya barabara, kama ukoko chini ya sufuria. Kisha ilikuja masika, na kilima kilianza kuteremka. Maji yalikuwa mekundu, yalibeba changarawe, majani ya mihogo, kandambili ya mtu, na kila yalipopita yaliacha udongo wao ndani ya mfereji. Mji uliokuwa na akili ungetumia kiangazi kuutoa udongo ule. Greda ya mji ilikuwa imesimama miaka mingi bila magurudumu, kuku wakitaga ndani yake, na lori la taka lilikuwa limekufa kabla ya baba. Waliobaki na uwezo wa kutembea tulikuwa sisi.

Ndiyo maana kulikuwa na salongo. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya soko na kabla ya kazi yoyote, kila lupango, yaani kila nyumba na uwanja wake, ilitoka na jembe, panga au ufagio na kusafisha mbele yake. Ilikuwa lazima. Asiyetoka alichukuliwa akakate majani nyuma ya ofisi za wakubwa mpaka jioni. Baadaye alipita mtu wa ijeni, ndivyo tulivyomwita mkaguzi wa usafi, na kofia yake na fimbo yake ya kuonyeshea. Alitazama barabara. Ikiwa imefagiwa, aliendelea.

Sasa niambie, mchanga wote ule wa barabara ulikwenda wapi? Kati ya kipande na kipande cha zege kulikuwa na nafasi ya kiganja. Watu walifagia mpaka pale, wakasukuma, mchanga ukaingia, barabara ikang'aa. Mtaa mzima ulifanya hivyo, kuanzia juu mpaka chini, wakiimba. Na kwa kuwa mfereji unateremka, mchanga wa wote ulikuja kulala kwetu. Jirani yetu wa juu, mama mmoja mwenye kicheko cha kusikika bandarini, alikuwa hodari kuliko wote. Alisukuma kwa ufagio huku akinitania.

"Mama wa kona! Leo tunakutumia posho!"

"Tuma na bukari basi," nilimjibu, maana posho bila ugali si posho, na watu walicheka, nami nilicheka nao. Ningefanya nini? Nilicheka, lakini moyoni nilitamani ufagio umvunjikie mkononi.

Mara ya kwanza nilipofungua mfereji, nilitoa matope siku ya Ijumaa, peke yangu, kwa beleshi la kuazima, nikayaweka kando ya barabara yakauke. Lilikuwa lundo la kutosha. Mdomo wa bomba ulionekana, na nilisikia raha ya mtu aliyetapika chakula kibaya. Jumamosi mtu wa ijeni alifika, akasimama mbele ya lundo langu.

"Mama, hii uchafu ni ya nani?"

"Haiko uchafu, Papa. Njo matope ya kanivo. Nimeitoa maji ipate njia."

"Kanivo haiko kazi yangu. Yangu njo barabara. Na barabara iko na lundo mbele ya lupango yenu."

"Sasa niipeleke wapi? Lori haiko."

"Weye njo unajua. Nikirudia, nisikute kitu."

Alikwenda juu kukagua wengine. Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikuwa mwanamke asiyeogopa nyoka wala mawimbi, lakini aliogopa watu wenye kofia.

"Rudisha tu, mwana wangu," alisema. "Miye muzee, sitaki kwenda kukata majani ku biro ya bakubwa."

Nikarudisha. Beleshi lilelile, matope yaleyale, kwenye shimo lilelile. Mtu wa ijeni aliporudi alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nilisimama pale na jasho langu nikiwa raia mwema. Hivyo ndivyo mji wetu ulivyotunza barabara zake: ukiutoa uchafu unaadhibiwa, ukiuficha unasifiwa.

Msinione mjinga. Tulijaribu kuyaingiza matope uani kwetu, beseni kwa beseni, misimu miwili. Uwanja ukapanda mpaka kizingiti cha mlango kikawa chini yake, na manyunyu tu yakaanza kuingia ndani. Mama akakataza. Tukajaribu kuyabeba kichwani hadi ziwani, mimi na wanangu, lakini watu watatu hawawezi kushinda mtaa mzima wenye mafagio. Tulichofanya ni kupata angalau shimo la maji kupita kwenye mdomo wa bomba. Kila mwisho wa kiangazi nilipiga magoti pale nikachimba kwa mikono na sahani ya bati, na kila masika maji yalivuka kwa shida, yakilamba ukuta wa samawati na kurudi. Mama alikuwa akiweka mkono ukutani, upande wa ndani, kuhisi kama umelowa. Aliuweka asubuhi na jioni, kama unavyompima mtoto homa.

Halafu ukaja mwaka wa mgeni.

Mwisho wa kiangazi tulitangaziwa kwamba mkubwa mmoja atakuja kutoka Kinshasa, na kwamba atashuka kwa barabara yetu kwenda bandarini. Mji ulipagawa. Mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa, na miti pia, hadi usawa wa kiuno. Mashimo yalijazwa udongo na kumwagiwa maji. Wanawake walipelekwa uwanja wa mpira kufundishwa kucheza na kuimba, na mimi nilishona mablauzi yao, vitenge vyenye sura ya rais kifuani na mgongoni, usiku na mchana, kwa ajili ya sherehe ambayo ilikuwa inakuja kuniangamiza.

Jumamosi moja mtu wa ijeni alisimama juu ya mdomo wa bomba, pale nilipokuwa nimechimba. Lilikuwa shimo jeusi lenye majani marefu, sikatai, halikuwa zuri.

"Hii shimo inaleta haya," alisema. "Mugeni akiiona atasema nini?"

Akaita watu. Mtaa mzima ulikuja, maana ilikuwa salongo na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukataa. Walileta mawe, wakalijaza. Wakaleta udongo, wakashindilia. Juu yake wakapanda maua ya rangi ya machungwa na kuyazungushia mawe meupe. Jirani wa juu alileta maua kutoka uani kwake.

"Papa," nilimwambia mtu wa ijeni, "mvua iko karibu."

"Muheshimiwa akisha pita, tutafungua. Ni siku kidogo tu."

"Na mvua ikimutangulia?"

"Sitwayeni," alisema. Alipokasirika aliacha kuniita Mama, akaniita raia kwa Kifaransa cha serikali. "Unataka kuharibu sherehe?"

Mama alinivuta blauzi kwa nyuma.

Mgeni hakuja. Tulisimama barabarani siku nzima tumevaa sare, jua likitupiga, tukaambiwa safari imesogezwa. Tukasimama tena siku nyingine. Maua yalimwagiwa maji kila asubuhi kwa zamu, na zamu yetu ilipofika mama aliyamwagia pia, kwa kopo, maua yaliyokuwa yameketi juu ya koo la nyumba yake. Mawingu yalianza kukaa upande wa milima ya Marungu. Watu waliofika na ng'ombe kutoka Pepa walisema huko juu mvua imekwisha anza. Nikamfuata mtu wa ijeni hadi ofisini kwake, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani ili anisikilize.

"Mvua ya Pepa ni ya Pepa," alinijibu. "Hapa tunangojea mugeni."

Nilirudi nimekasirika. Nilitaka kuyang'oa yale maua jioni ileile. Mama alisema hapana, na wale waliopewa kazi ya kuyalinda walikuwa vijana wa chama cha rais, si watu wa kujadiliana nao. Tuliondoa tu nguo za mama chumbani kwake tukazileta kwangu. Godoro alilikataa. Alisema akilitoa godoro atakuwa ameshakubali.

Mvua ilikuja mchana, watu wakiwa wamemaliza kula. Ilianza kwa upepo uliong'oa ndagala kwenye vyandarua vya kuanikia na kuwatupa barabarani, kisha ikashuka yote kwa mkupuo. Nilisimama mlangoni nikitazama kilima. Maji mekundu yalionekana kwanza kwenye kanivo, yakatoka kwenye nafasi za vipande vya zege kama maziwa yanayofura, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi, palikuwa na Jumamosi zetu zote. Kisha yakashika barabara yenyewe. Yalipofika kwenye maua yakasimama, yakajaa, yakazunguka, na nilipoona yanageukia kwetu nilichukua jembe nikakimbia.

Vijana wa chama walikuwa wamejikinga, hakuna aliyenizuia. Nilichimba yale maua kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Jirani wa juu alikuja na jembe lake, bila mtu kumwita, akachimba kando yangu huku kitambaa cha kichwa kimeanguka. Lakini mawe yalikuwa yameshindiliwa vizuri mno. Kwa mara moja katika historia ya mji wetu kazi ilikuwa imefanywa vizuri. Maji yalitupita kiunoni. Barabara nayo ilianza kukatika nyuma yetu, lami na udongo vikaondoka, likafunguka korongo la kumeza gari.

Ukuta wa chumba cha mama haukuanguka kwa kishindo. Ulilowa kutoka chini, ukawa mweusi, halafu ukakaa chini kama mtu aliyechoka. Ukuta wa pili ukaufuata. Bati lililala juu ya kitanda. Mama alikuwa nje, mvuani, ameshika picha ya ndoa aliyokuwa ameitoa dakika ya mwisho, na alitazama bila kulia. Mimi ndiye niliyelia. Nilitukana pia, kwa Kibembe cha baba, ili mama asielewe yote.

Jirani wa juu alituletea bukari na sombe ya majani ya mihogo jioni ile, na keshoye, na siku zilizofuata. Ile posho aliyonitania nayo sasa ilikuja kweli. Nilikula na nilimchukia. Kisha nilijichukia kwa kumchukia, maana mikono yake ilikuwa na malengelenge kama yangu, na mchanga aliousukuma yeye ulisukumwa na wote.

Jumamosi ilipofika, salongo ilifika nayo. Mtu wa ijeni alikuja mapema kuliko kawaida, kwa sababu mgeni sasa alikuwa amethibitishwa, na barabara ilikuwa na korongo. Alisimama mbele ya kwetu. Matofali ya chumba cha mama yalikuwa yamemwagika hadi barabarani, mengine mazima, mengine mapande, yenye samawati upande mmoja.

"Mama, pole," alimwambia mama, na alivua kofia. Sitamnyima hilo, aliivua. Kisha aliivaa. "Sasa hii uchafu yote, tutaifanya namna gani?"

Mtu wa ijeni alitazama matofali, akatazama korongo, akatazama matofali tena. Niliona wazo likimjia kabla hajalisema, nami nikatamani ardhi immeze.

"Hii udongo ni muzuri," alisema. "Imekauka muzuri. Mulete tu hapa."

Wakaja wote, mtaa mzima, na majembe na mabeseni. Hawakuwa wabaya. Wengine walinong'ona pole walipopita karibu na mama. Walibeba chumba chake kidogo kidogo, wakakitupa kwenye korongo, wakakishindilia kwa gogo la mchikichi, wakamwagia maji, wakashindilia tena. Mtu mmoja alianzisha wimbo wa salongo kwa mazoea, akanyamazishwa, na baada ya muda akaanza tena kwa sababu gogo ni zito na bila wimbo halinyanyuki pamoja. Mama alikaa kwenye kiti mlangoni mwa chumba changu. Alipoletewa tofali lililobaki na rangi vizuri, aulizwe kama analitaka, alisema wapeleke tu.

Mgeni alipita siku chache baadaye, gari jeusi, vioo vimefungwa. Alipofika kwetu gari halikuyumba hata kidogo. Tuliimba. Mtu wa ijeni alitembea nyuma ya msafara akiwa na furaha ya bwana harusi, akaja kutuambia kwamba barabara yetu ni ya mfano kwa mji mzima.

Mdomo wa bomba haukufunguliwa. Hakuna aliyetaja habari zake tena, na mimi sikuwa na sababu ya kuwakumbusha, kwa kuwa maji hayakuwa na kitu zaidi cha kuchukua upande wetu. Mama alilala chumbani kwangu, kichwa karibu na mashine ya kushona. Magari yalipita juu ya kile kipande cha barabara, yakapangusa udongo wa juu, na rangi ya samawati ikaanza kuonekana, doa hapa, doa pale. Watoto wa mtaa walidhani ni kitu cha kuchezea, wakaruka kutoka doa hadi doa.

Jumapili moja tulikuwa tunakwenda kanisani, mama na mimi, yeye ameshika mkono wangu. Tulipofika pale penye madoa ya samawati alisimama. Nilidhani amechoka. Aliuachia mkono wangu, akajifunga vizuri kitenge chake, na akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu aliye mlangoni pa nyumba ya watu:

"Hodi."

Akangoja, kama inavyotakiwa kungoja. Gari la mizigo lilipiga honi nyuma yetu.

"Haiko muntu," alisema mama, akashuka kando ya barabara na kupita kwenye majani. Nami nikapita kwenye majani, nyuma yake.